Viatu Mlangoni kwa Wakili Shebughe

Kunjeni miguu, wale ambao bado mnayo, mkae mkao wa kusikiliza. Palikuwa na nchi, na jina lake halitajwi hapa, si kwa uoga, ila Wizara ya Majina haijatoa kibali na ofisa wake yuko likizo mwaka wa tatu sasa. Ilikuwa nchi njema. Raia wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria, na aliyeonekana hana furaha alipewa siku saba za kujirekebisha.

Nchi hiyo ilikuwa na Waraka Namba Saba, uitwao Waraka wa Pande. Ulizaliwa siku ya gwaride. Mtukufu Kiongozi alisimama jukwaani akitazamana na jeshi lake, akanyoosha mkono wake wa kulia, akaliamuru jeshi ligeuke kulia. Jeshi likageukia kulia kwake lenyewe, yaani upande mwingine kabisa, likamwacha Mtukufu peke yake amenyoosha mkono kuelekea vyoo vya uwanja. Kapteni wa gwaride alipelekwa masomoni jioni ileile, na masomo yenyewe lazima ni marefu, maana mkewe ameshaolewa na mtu mwingine. Kesho yake waraka ukatoka: kuanzia leo, kulia na kushoto kutahesabiwa kutoka upande aliosimama mtu wa Serikali.

Watu wakazoea. Timu ya taifa ilijifunga mabao tisa mbele ya Waziri wa Michezo aliyekaa upande wa pili, yakahesabiwa ushindi, na kipa akapewa nishani.

*

Fundi Farjala alikuwa akishona kanzu na suruali katika mtaa wa Kisimachumvi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye cherehani ya kukanyaga na futikamba shingoni mchana kutwa, hata akienda kula. Mkewe, Bi Siwema, alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia utosini hadi kisiginoni kana kwamba kesho atamkatia kitambaa. Shule alisoma mpaka darasa la nne, lakini ndiye aliyesoma barua zote za nyumba ile, kwa kuwa Fundi Farjala akiona mhuri wa Serikali macho yake humwaga machozi yenyewe.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto wa fundi kilipata kidonda. Mwenyewe alikuwa na sukari, na kidonda cha mtu mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Kikawa cheusi. Kikaanza kunuka, mpaka wateja wakawa wanapimwa suruali wakiwa wamesimama uani, tena upande unakotoka upepo. Bi Siwema akamchukua mumewe, akampeleka Hospitali Kuu.

Juu ya lango la hospitali ile kulikuwa na kibao kikubwa: HAPA HATUJAWAHI KUKOSEA. Na ni kweli. Madaftari yote yalipekuliwa na tume tatu na hapakuonekana kosa hata moja. Aliyefia mezani aliandikwa kuwa ameondoka bila kuaga.

Daktari Bingwa wa Mabingwa, Dakta Sifuni, aliuangalia mguu kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili, akasema ukatwe chini ya goti, leo hii, kabla ubaya haujapanda. Nesi akaandika kwenye cheti: mguu wa kushoto. Hapo hapakuwa na kosa. Dakta Sifuni akaja akasimama miguuni pa kitanda, akitazamana na mgonjwa. Naye alikuwa mtumishi mwaminifu wa Serikali, waraka anaujua kwa moyo. Akatazama kushoto kwake, akaona mguu mzuri, mweupe nyayo, wenye kucha zilizokatwa vizuri. Akaufunga utepe mwekundu.

Fundi Farjala akainua kichwa. "Daktari, samahani. Mbovu ni huu mwingine."

Dakta Sifuni akacheka kwa upole, akampigapiga begani. "Wewe ni mtu wa Serikali?"

"Hapana, mimi fundi cherehani."

"Sasa utajuaje kushoto ni wapi?"

Akaagiza sindano. Fundi alipozinduka, akatazama chini ya shuka, akaona ule mguu mweusi peke yake, umelala pale kama mgeni aliyebaki baada ya wenyeji kuhama.

*

Bi Siwema hakupiga kelele. Alikwenda kwenye dirisha la Maulizo akiwa na ule utepe mwekundu, aliouokota chini ya kitanda, mkononi, akaeleza taratibu. Karani akafungua daftari, akamwonyesha. Mguu wa kushoto, mbovu, umekatwa, sahihi ya daktari hii hapa. Mguu uliobaki ni wa kulia, na wa kulia umeandikwa kuwa ni mzima.

"Lakini umeoza, mwanangu. Njoo unuse."

Karani akasema yeye hanusi, anasoma. Tena akamwonya kwa heshima zote kwamba kuuita mbovu mguu ambao Serikali imeuandika mzima ni kuichafulia Serikali mguu, na kuukata mguu mzima ni kosa la jinai, hakuna daktari atakayethubutu.

Wakarudi nyumbani. Kila asubuhi Bi Siwema alichukua chaki ya kukatia nguo, akachora mstari kwenye mguu wa mumewe pale weusi ulipofikia. Siku ya kwanza mstari ulikuwa kwenye kifundo. Siku ya nne ulipanda vidole viwili. Siku ya saba nesi yuleyule aliyeandika cheti alipita Kisimachumvi amevaa nguo za nyumbani, akajifanya amekuja kupunguziwa gauni. Akaitazama ile mistari ya chaki, akainama kama anayetafuta sindano sakafuni.

"Mama, weusi ukishavuka goti, usije tena kwetu. Wewe kashone tu nguo yake ya mwisho."

"Na kabla haujavuka?"

Nesi akamwambia, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba njia iko moja. Ni kesi ya uzembe wa tabibu. Mahakama peke yake ndiyo inayoweza kusema mguu huu ni upi. Lakini kesi hiyo haipokelewi mpaka mtu awe na wakili mzoefu. Aliyekwenda bila wakili mzoefu, sheria humhesabu kuwa hakuumia. Akamalizia kwa kumsihi achague vizuri, maana wapo waliochagua vibaya na sasa hawalalamiki tena. Akaondoka na gauni lake bila kupunguziwa.

Siku hiyo mstari wa chaki ulikuwa nusu ya muundi. Bi Siwema akapima kwa futikamba kutoka hapo mpaka gotini. Inchi saba.

*

Sasa wakili mzoefu utamjuaje? Katika nchi ile mawakili walikatazwa kujitangaza. Lakini ofisi zao zilikuwa na mazulia, na mteja huvua viatu mlangoni kama mtu yeyote mwenye malezi. Kwa hiyo watu waliangalia viatu. Penye viatu vingi pana uzoefu. Penye kandambili mbili, mwenyewe wakili yuko ndani amelala.

Shoga yake Bi Siwema wa nyumba ya pili, Bi Mashavu, mwuza mkaa, mwanamke aliyejua habari za kila mlango wa mji isipokuwa wa kwake, akamwambia aende kwa Wakili Tamimu. Barabara kuu, ghorofa ya kwanza. Viatu vimepangwa kuanzia ngazini.

Na kweli vilipangwa. Jozi arobaini na mbili, zimepigwa rangi zinang'aa, Bi Siwema alizihesabu akipanda. Ndani, Wakili Tamimu alikuwa nyuma ya meza pana kama kitanda cha harusi. Alimpokea kwa hotuba. Alisema kesi za matabibu ndiyo maziwa aliyonyonya. Alisema ana kesi mia tatu za Hospitali Kuu na hajashindwa hata moja. Alitamka maneno ya kizungu cha mahakamani ambayo hata yeye mwenyewe yalimpita kushoto. Bi Siwema akasubiri amalize, kisha akauliza kwa unyenyekevu:

"Hizo kesi mia tatu, baba, ulikuwa unamtetea nani?"

"Hospitali, bila shaka. Asubuhi naitetea, mchana naishitaki. Huo ndio uzoefu, mama. Nani atanijua mimi kuliko mimi?"

Bi Siwema akasema atafikiria, atarudi. Wakati wa kushuka ngazi akainama kutafuta kandambili zake, akaona jambo ambalo mke wa fundi hawezi kukosa kuliona. Jozi zile zilifungwa kila moja kwa uzi wa katani, kiatu kwa kiatu, kama zinavyofungwa zikiwa bado dukani. Hapakuwa na kisigino hata kimoja kilicholika. Arobaini na mbili, na hakuna aliyekuja amevivaa.

Mstari wa chaki ulikuwa umebakiza inchi sita.

*

Kwa Wakili Shebughe alifika kwa kuuliza, na kila aliyemwuliza alijibu akitazama pembeni. Ofisi ilikuwa kwenye kichochoro cha nyuma ya wachonga majeneza. Mlango wa mbao, hauna jina. Na mbele ya mlango viatu.

Bi Siwema alisimama akavitazama kwa muda mrefu. Vilikuwa vingi kweli, lakini kimojakimoja. Kandambili moja ya bluu. Kiatu kimoja cha shule. Kobazi moja. Buti moja la polisi, ambalo lilimshangaza kidogo. Vyote vimelika visigino, kila kimoja kwa namna ya mwenyewe alivyokuwa akitembea. Na pembeni, vimesukumwa ukutani, vilikuwepo viatu vingine vichache ambavyo ni jozi kamili, vimeota vumbi mpaka rangi hazijulikani.

Ndani palikuwa na mzee mdogo, mkavu, amevaa koti jeusi la mahakamani lililofifia likawa la kijani. Nyuma yake palikuwa na mlango wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada. Kaa. Mguu, mkono au jicho?"

"Mguu. Wa mume wangu."

"Alisimama wapi daktari?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo. Bi Siwema akaeleza kila kitu, akatoa na ule utepe. Wakili Shebughe akaupokea kwa vidole viwili, akauliza ulifungwa na nani, nesi aliandika lini, kuna karatasi yoyote wametia sahihi tangu siku hiyo. Hakuna. Akatikisa kichwa, kama mtu anayeonja mchuzi akakuta chumvi inatosha.

"Na wewe, mzee," Bi Siwema akauliza, "umeshinda kesi ngapi?"

"Hata moja. Mwaka wa arobaini na moja huu."

"Hata moja?"

"Dada, uliviona viatu? Vile kimojakimoja ni vya watu walioshindwa. Wako majumbani kwao, wanachechemea, wanagombana na wake zao. Vile jozi vya ukutani ni vya walioshinda, nilipokuwa kijana sijaupata uzoefu. Mahakama ikatamka kwamba hospitali ilikosea, ikaamuru kosa lisahihishwe." Akamrudishia utepe. "Wakasahihishwa. Na daktari yuleyule, kwa heshima zote, bendera mezani. Hakuna aliyerudi kuchukua viatu."

Bi Siwema akahisi ubaridi ukimpanda kutoka nyayoni, kama ule weusi wa mumewe.

"Mimi sitaki kushinda," akasema. "Nataka mume wangu aishi."

"Basi umefika kwa wakili mzoefu. Lete kiatu kimoja cha mzee, cha mguu uliokwisha kukatwa, ukiweke pale mlangoni. Ndio mkataba wetu. Na mahakamani mkae pale kibao kinapowaambia mkae. Msibishane na kibao."

Kabla hajatoka akamwonyesha mlango wa nyuma. Akasema siku ya kesi watapitia pale, kwani unatokea mahakamani moja kwa moja, na mlango wa nyuma wa mahakama unatokea hospitali. Serikali ilijenga hivyo ili wananchi wasisumbuke kuzunguka.

*

Siku ya kesi mstari ulikuwa umebakiza inchi mbili. Fundi Farjala alibebwa kwenye mkokoteni wa Bi Mashavu, juu ya magunia, akatoka pale mweusi wa mkaa mwili mzima, hata ule mguu ukawa hauonekani tofauti.

Kibao cha mahakama kilisema: mlalamikaji kulia, mlalamikiwa kushoto. Wakakaa kulia, kama walivyoagizwa. Upande wa pili alikaa Dakta Sifuni, na pembeni yake Wakili Tamimu akiwa na majalada ya kutosha kuezekea banda la kuku. Kisha Jaji akaingia. Akaketi juu, akitazamana nao. Naye alikuwa mtu wa Serikali. Akatazama kushoto kwake, akamwona Fundi Farjala.

"Mlalamikiwa," akasema, "simama kama unaweza."

Bi Siwema akamgeukia Wakili Shebughe. Mzee alikuwa akifuta miwani.

Wakili Tamimu alipepesa macho mara moja tu. Alikuwa amejiandaa kutetea, lakini mtu aliyezoea kutetea asubuhi na kushitaki mchana hakosi neno. Akatazama saa, akaona imeshapita saa sita, akaanza kushitaki. Alizungumza kwa muda mrefu. Alisema Serikali tukufu, kwa huruma zake, iliagiza mguu mbovu wa mtu huyu uondolewe. Tangu siku ya cheti, mguu ule ulikuwa mali ya Serikali. Na je, uko wapi? Akauelekezea kidole. Uko pale, waheshimiwa, umekaa mahakamani kwa jeuri, unanuka.

Jaji akasoma cheti. "Hapa imeandikwa wa kushoto ulishakatwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na hospitali haijawahi kukosea. Na huu nao, kutoka hapo ulipoketi wewe mwenyewe..."

Jaji akatazama. Ukumbi wote ukamsubiri atazame. Mguu ulikuwa kushoto kwake, kwa sababu mtu mzima alikuwa kushoto kwake.

"Ni wa kushoto," akasema Jaji, na uso wake ukaingia giza. "Kumbe mtu huyu alikuwa na miguu miwili ya kushoto. Akatoa mmoja, akaficha mmoja."

Ukumbi ukaguna. Hapo ndipo Wakili Shebughe aliposimama kutetea, na wanaojua sheria wanasema haujapata kusikika utetezi mbovu uliotengenezwa kwa ustadi kama ule. Alilia. Alisema mteja wake anaupenda mguu huu. Alisema ni kweli umeoza, lakini kuna kuoza kwa namna nyingi. Aliomba mahakama, kwa magoti yote mawili ambayo yeye bado anayo, imwachie mzee mguu wake mpaka walau baada ya mavuno. Kila alipozidi kuomba, Jaji alizidi kukunja uso, kwa kuwa jaji wa nchi ile akiona mtu anakitaka kitu sana, hujua hapo ndipo penye haki ya kukinyima.

"Usalimishwe leo hii," akasema. "Kabla ofisi hazijafungwa."

Fundi Farjala akapitishwa mlango wa nyuma. Bi Siwema akainuka kumfuata. Akamshika mzee koti.

"Ni Dakta Sifuni yuleyule atakayekata."

"Ni yuleyule."

"Mzee, unajua alichofanya."

"Najua, dada. Lakini safari hii amebakiwa na mmoja tu. Hata yeye, pa kukosea patamshinda."

Walipitisha kisu juu ya goti. Fundi Farjala alizinduka siku ya pili, akatazama chini ya shuka, akakuta pametulia. Akaomba uji. Bi Siwema akamshukuru Mungu, akaukunja ule utepe mwekundu, akauficha chini kabisa ya sanduku. Alipokwenda kumpelekea Wakili Shebughe kiatu cha pili, mzee akakataa kabisa. Akasema jozi haifai pale mlangoni, watu watadhani wameshinda.

*

Maisha yakarudi. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga, na Fundi Farjala hakuwa na cha kukanyagia, wakagawana. Yeye alikaa juu ya kiti kirefu akiongoza kitambaa, mkewe akaketi kwenye kigoda upande wa pili akikanyaga pedali. Yeye mikono, mkewe miguu. Akisema taratibu, mguu wa kulia wa Bi Siwema unapunguza, akikohoa, unasimama. Wa kushoto haukuujua mdundo ule, ukikanyaga nyuzi zinakatika. Mteja akifika akawaona wamekaa vile wanatazamana hucheka, nao humwacha acheke, mradi alete kitambaa.

Miezi mitano ikapita. Siku moja ya soko akaja kijibwana nadhifu kutoka Wizara ya Viungo vya Raia, ana jalada kwapani. Akaamkia vizuri sana. Akakataa chai, na hapo Bi Siwema moyo ukampiga, maana mtu wa Serikali akikataa chai ujue amekuja kwa jambo lenyewe.

Alisema ni usumbufu mdogo tu. Daftari linaonyesha kwamba mume wake alikuwa na miguu miwili ya kushoto, na yote miwili imepokelewa, Wizara inashukuru. Lakini kila raia wa nchi hii ana mguu wa kulia, hilo liko kwenye Katiba. Wa mzee haujaonekana popote. Hospitali hainao, mahakama hainao.

"Hakuwa na mguu mwingine, mwanangu. Mtu ana miwili tu."

"Mama, unasema daftari limekosea?"

Akauliza kwa upole, bila kuinua sauti, na kalamu tayari mkononi. Fundi Farjala, kwenye kiti chake kirefu, akaanza kumwagikwa na machozi.

"Sijasema hivyo," akasema Bi Siwema.

Bwana akainama, akachungulia chini ya kiti cha mzee. Hakuna kitu. Akachungulia chini ya cherehani. Akaona miguu miwili imekaa kwenye pedali, mifupi, minene kiasi, yenye hina iliyofifia. Akahesabu mara mbili kwa ncha ya kalamu. Kaya moja, watu wawili, akasema, na mume na mke ni kitu kimoja mbele ya sheria. Kumbe mguu ulikuwa hapa siku zote, unakanyaga cherehani mchana kweupe. Akatoa utepe mwekundu mfukoni. Akapiga goti mbele ya Bi Siwema kwa adabu, kama fundi viatu anayempima mteja, akitazamana naye. Akasema kwa sauti, ili aandike: wa kulia. Akafunga ule uliokuwa mkabala na mkono wake wa kulia, yaani wa kushoto.

"Dakta Sifuni atakuwa na nafasi Alhamisi," akasema. "Usinywe chai asubuhi."

Alipoondoka, cherehani ilikaa kimya. Bi Siwema akahesabu kwa vidole. Hospitali itasoma kwenye jalada: wa kulia. Utepe uko kwenye wa kushoto. Dakta Sifuni anaweza kufuata utepe. Anaweza kufuata jalada. Na akiona vimetofautiana, kwa kuwa hajawahi kukosea, anaweza kufuata vyote viwili.

Akavaa kandambili zake za kijani zenye ua katikati. Mumewe akamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kushindwa kesi.

*

Siku hiyo Bi Mashavu alipita kichochoro cha wachonga majeneza na mkokoteni wake, akaona mlangoni kwa Wakili Shebughe, katikati ya vile kimojakimoja, kandambili za kijani zenye ua. Jozi. Hakuona ajabu, alijua shoga yake yuko ndani.

Kesho yake akapita tena. Jozi. Mlango wa mbele umefungwa, na kwa ndani hapasikiki mtu. Mchonga majeneza wa jirani, mtu asiyependa kuongea, alikuwa anazitazama zile kandambili, akapima kwa macho, akarudi kwenye randa yake. Jioni Bi Mashavu alichelewa kurudi nyumbani. Alizunguka njia ya mbali asipite mbele ya duka la fundi.

Ijumaa akaenda asubuhi na mapema, kabla hajauza hata kopo moja. Akafika, akasimama. Kisha akauacha mkokoteni palepale na mkaa wake, akakimbia na kanga mkononi, mpaka Kisimachumvi.

Fundi Farjala alikuwa juu ya kiti chake kirefu. Kitambaa kiko chini ya sindano pale kilipoachwa siku ile, nusu ya mkono wa kanzu. Hakugeuka.

"Kimebaki kimoja, fundi," akasema Bi Mashavu, anahema. "Kimoja tu. Wallahi nimekiona. Mwenzake kimechukuliwa. Shoga yangu yu hai."

Fundi Farjala akafumba macho. Akayafumbua. Akatazama kile kigoda kitupu upande wa pili, na ile pedali iliyolika upande wa ule mguu unaojua mdundo.

"Kilichobaki pale mlangoni ni cha mguu gani?"

"Cha kushoto."

Akashusha pumzi. Halafu akamgeukia, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Bi Mashavu. Ulikuwa umesimama upande gani?"

Bi Mashavu akafungua mdomo kujibu. Akanyoosha mkono huu, akaushusha, akanyoosha ule. Kisha akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka kurudi kichochoroni kutazama tena.